Gita bado halijalia

Tanga, Jumapili usiku

Swahiba wangu,

Habari za Morogoro? Sisi huku wazima, mvua tu ndiyo imetuandama. Mama anakusalimu, na anasema ile sufuria yake hajaisahau.

Sasa gita, maana najua ndilo unalosubiri. Bado halijalia, na nusu ya lawama ni yako.

Unakumbuka zile mbao mbili za mninga nilizoziunga mwezi wa Ramadhani ziwe bodi ya gita? Ungio lilikuwa na uwazi kwa chini, ukucha unapita. Ukaniambia nichanganye unga wa mbao na gundi nyeupe, nizibe, nipige msasa, nani ataona? Nikakusikiliza. Juzi nimeanza kuchonga mgongo wa bodi, kwa sababu ilikuwa bapa kama kibao cha chapati na ukingo wake unanichoma mbavu nikikaa nalo. Nilitaka ule mbonyeo wa nyuma kama wa Stratocaster, lile gita la umeme Fender walilotoka nalo mwaka 1954. Nikashika tupa. Kila nikishuka, mstari wa ungio unanenepa: juu ulikuwa uzi, chini ukawa utambi. Nikaiwekea goti kidogo tu, ta! Vipande viwili mkononi, na ule unga wako ukabanduka kama ukoko wa ugali.

Gundi nyeupe inataka mbao zinazogusana. Ukiipa pengo ijaze, ikikauka inanywea, unabaki na ganda.

Nikaanza upya. Nimezikunja mbao mbili kama kitabu, nikazibana kwenye jiriwa kingo zikiwa juu, nikazipiga randa zote kwa pamoja. Hapo hata mkono ukiinama kidogo haidhuru, maana ukizifunua, mshazari wa huku unafidia wa kule. Kisha nikasimamisha moja juu ya mwenzake mbele ya taa. Mara ya kwanza mwanga ulipenya katikati. Mara ya nne, giza tupu. Nimepoteza milimita sita za upana. Gita limekonda, litavumilia.

Klampu ninazo mbili tu, kwingine nimekaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli na kabari. Gundi ikachomoza shanga shanga mstari mzima, nami nikaacha kukaza hapo hapo, ukizidisha unaikamua yote ikaisha. Kwa unyevu huu nimeiacha siku nzima na usiku wake.

Kwenye tundu la shingo ndipo nilipoharibu mwenyewe, usije ukacheka. Patasi imekula upande mmoja, pamebaki pengo la unene wa kadi ya vocha. Safari hii unga sikutia. Nimechonga kipande chembamba cha mninga ule ule, mistari yake ielekee kule kule, nikakibandika. Kesho nakikwangua kidogo kidogo mpaka shingo iingie kwa kusukumwa na kiganja.

Ukija, njoo na vile vya kukazia nyuzi ulivyoniahidi. Na sufuria.

Wako yule yule