Barua kwa mwanangu: usiipandishe tena nyumba kuu

Bukavu, Jumapili jioni

Mwanangu Amani,

Picha ya kijiji chako cha Clash of Clans, ule mchezo wa simu wa kujenga na kuvamia vijiji, nimeipata. Unauliza kwa nini kila ukiamka unakuta dhahabu imeisha. Jibu liko humo humo kwenye picha: nyumba kuu, ile ambayo simu inaiandika Hôtel de ville, iko nivo (kiwango) ya 5, lakini mizinga ni ya nivo ya 2 na kuta bado ni vijiti vya mwanzo.

Katika Clash of Clans, nyumba kuu ndiyo inayomwambia adui wewe ni nani. Mwenye nyumba kuu ya juu akimvamia wa chini yake, mchezo unamkata sehemu ya mali anayoweza kubeba, na tofauti ikiwa kubwa anaambulia kidogo hata haoni faida ya kuja. Ulipopanda mbio, kinga hiyo uliivua mwenyewe. Nawe ukienda kwa mwenye nivo ya 3, unakatwa vile vile. Basi usiiguse nyumba kuu mpaka maabara, kambi, mizinga, minara ya mishale na mortie (kombora la kurusha mabomu juu) vimefika mwisho wa kile nivo ya 5 inachoruhusu. Kuta zikichelewa kidogo, si neno.

Sasa mafundi. Kila kazi ya ujenzi inamshika fundi mmoja mpaka iishe, kwa hiyo mwenye mafundi wawili anajenga vitu viwili tu kwa wakati mmoja. Vito vya kijani ulivyonavyo, usivichome kuharakisha kazi ya nusu saa, hata kitufe kikikumulikia machoni. Vilimbikize: fundi wa tatu ni vito 500, wa nne 1,000, wa tano 2,000. Unavipata kwa kukata miti na kuondoa mawe yanayoota kijijini, na kwa kutimiza malengo ambayo mchezo unakupa. Hakuna haja ya kununua kwa makuta.

Mali inaibwa kwa namna mbili. Mgodi wa dhahabu na mtambo wa eliksa (mali ya pili ya mchezo) vinajaza polepole, na vikijaa vinasimama. Adui anaweza kuchota mpaka nusu ya kilichomo. Kwenye ghala anachota sehemu ndogo zaidi. Kwa hiyo kusanya asubuhi na jioni, na kabla hujafunga simu tumia ulichonacho. Dhahabu isiyotosha kujenga mnara iweke kwenye kuta: ukuta unahitaji fundi aliye huru, ila unapanda papo hapo, haumshiki hata sekunde. Lakini usipandishe silaha zote za ulinzi siku moja. Kifaa kinachojengwa hakipigi, na mgodi unaopandishwa hauchimbi.

Mpangilio wako nao una kasoro. Umezungusha ukuta mmoja mrefu kama wa lupango (gereza) na kurundika kila kitu ndani. Adui akitoboa tundu moja, yuko sebuleni. Gawa vyumba: maghala yatengane, kila moja na chumba chake, migodi ibaki nje iwacheleweshe wavamizi. Mortie iweke katikati, kwa sababu haiwezi kumpiga aliye karibu sana, na pembeni yake uwe na mzinga au mnara wa mishale wa kuziba pengo hilo. Mzinga na mortie havigusi kinachoruka. Cha angani kinapigwa na mnara wa mishale, mnara wa mchawi, na kile kifaa cha roketi ulichokisahau kwenye kona. Kihamishie ndani, la sivyo maputo yatakumaliza.

Kushambulia sasa. Vita ni dakika 3. Nyota moja ni ya kubomoa nusu ya kijiji, moja ya nyumba kuu, ya tatu ni ya kufuta kila kitu. Kambi zako zikifika mwisho wa nivo ya 5 zinabeba nafasi 135. Anza na majitu 12, ambayo kila moja ni nafasi 5. Sapeur 6 wa nafasi 2 kila mmoja. Wapiga mishale 40 na wapiganaji wa upanga 23. (Sapeur hawa si wale watanashati wa suti na viatu vya bei kali. Ni mifupa iliyobeba bomu.) Majitu hutangulia, nayo hukimbilia silaha za ulinzi tu. Yakishaanza kupigwa ndipo unawaachia Sapeur, wawili wawili, waelekee ukuta ulio mbele ya majitu. Ukiwatoa mapema, mortie inawaua wote kabla hawajagusa kitu, na majitu yanabaki kuugonga ukuta kwa mikono. Wapiga mishale uwasambaze nyuma, wachache wachache kando ya kijiji, usiwamwage lundo moja.

Ukitaka mali tu na nyota hazikuhusu, peleka wezi wa kijani. Wenyewe hukimbilia maghala na migodi, lakini hufa upesi, basi tanguliza majitu mbele yao yapokee risasi.

Mchezo huu hauchezeki bila intaneti. Mega (data ya simu) zikikatika katikati ya vita, askari ambao hujawatoa huwezi kuwatoa tena. Angalia zilizobaki kwanza.

Na kabla hujalala leo, ingia kwenye mipangilio uunganishe kijiji na Supercell ID, akaunti ya kampuni ya mchezo, kwa imeli yako, si ya binamu yako. Hiyo simu ni ya baba mkubwa. Vakansi zikiisha inabaki Goma, na kijiji kisichounganishwa kitabaki nayo.

Wasalimie wote hapo.

Papa yako