Barua ya wazi kwa vijana wanaolinda Mto Njoro

Wanangu,

Salamu kwenu nyote: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na hata yule aliyejiunga wiki jana. Jumatatu nilishuka mtoni, kile kipande cha chini ya daraja mlichopanda miti Novemba. Nilikwenda na fimbo yangu na kijitabu, nikahesabu. Katika safu tatu za kwanza nilikuta mashimo 96. Yenye mche ulio hai ni 41. Mingine imekauka ikiwa imesimama. Ukikwaruza gome kwa ukucha unakuta kahawia tupu ndani.

Siandiki kuwalaumu. Naandika kwa sababu tumo Januari, mvua ya kutegemewa haiji hadi mwisho wa Machi au Aprili, na ile 41 bado inaweza kuokolewa. Na naandika hadharani kwa kuwa makundi kama lenu ni mengi, kutoka Njoro hadi Ngata, huku kwetu Nakuru, hadi kule Dunga kwa ndugu zetu wa Kisumu, na nimeona yakifa kwa ugonjwa mmoja. Ugonjwa huo naujua. Niliuguza kikundi changu hadi kikazikwa.

Tulikuwa watu 34. Shirika fulani lilituletea miche, fulana na pesa, na siku ya kupanda magari yalijaa barabarani hadi kwenye lango la shule. Tulipanda miche 2,000 kwa asubuhi moja. Mgeni wa heshima alimwagilia mmoja, picha zikapigwa, tukala wali na nyama, tukaenda zetu. Februari nilipita pale na mke wangu tukitoka kanisani. Aliutazama ule ukingo kwa muda, akaniuliza polepole, "Mzee, mlipanda vijiti?" Sikuwa na jibu. Kilichoachwa na jua kilikuwa kimemalizwa na mbuzi.

Tulipanda Novemba kwa sababu mgeni alipatikana Novemba. Huku kwetu mvua kubwa ikishika Aprili huendelea kurudi hadi Agosti, kwa hiyo mche wa Aprili unapata miezi ya kuteremsha mizizi. Mche wa Novemba unapata wiki chache tu, kisha unakabidhiwa jua na upepo wa Januari. Serikali yenyewe ilitupa siku ya mapumziko tarehe 13 Novemba 2023 ili tupande miti, na watu walijitokeza, na lilikuwa jambo jema. Lakini anayepanda Novemba awe ameshaandika majina ya watakaobeba maji Januari. Nyinyi hamkuandika. Andikeni wiki hii.

Kazi yenyewe si ya kutisha. Zungushieni kila mche kibeseni cha udongo ili maji yasikimbie. Tandazeni nyasi kavu juu yake, ila ziwe mbali kidogo na shina, maana mchwa hupenda kujificha pale. Chupa za plastiki mnazookota mtoni toboeni kifuniko kwa sindano, mkate kitako, mziinamishe kwenye mizizi mkizijaza jioni. Mara mbili kwa wiki inatosha. Watu wanane wakigawana safu, kila mmoja ana miche mitano na ushei. Hilo ni jambo la nusu saa.

Sasa kuhusu wauza maji. Nimesikia mliwafukuza watu wa punda pale darajani, na kwamba mmoja alitishwa kuitiwa askari. Hapo naomba mnisikilize vizuri.

Sisi tulifanya hivyo hivyo. Alikuwepo mzee mmoja aliyeteka maji alfajiri, mkokoteni wa mitungi 14, punda wawili. Punda wale walikanyaga miche yetu, tukamfokea mbele ya wateja wake. Siku mbili baadaye tulikuta miche yote ya upande ule imeng'olewa na kulazwa chini kwa mpangilio, mmoja baada ya mwingine, kama vitunguu vya kuuza. Wenzangu walitaka kwenda polisi. Mimi nilikwenda kwake jioni, nikaketi kwenye kigoda, nikanyamaza hadi alipoamua kusema. Akasema, "Mzee, mlipanda mlangoni kwangu. Nimeshuka hapo miaka kumi na tisa. Hakuna aliyeniuliza."

Ni kweli hatukumuuliza. Tulipima ukingo kwa kamba, tukachimba, na njia yake tukaiona kama sehemu iliyokosa miti tu. Kesho yake tulishuka naye. Alituonyesha njia, tukaiacha wazi kwa upana wa mkokoteni, tukaitandika mawe ili punda wasiendelee kumomonyoa ukingo. Tukapanda upya miche kumi kando ya njia hiyo. Hakuahidi chochote. Lakini kila asubuhi mtungi wa mwisho uliobaki nusu aliumimina pale kabla ya kupanda kilima. Kati ya miche yote 2,000 ya siku ile ya magari na fulana, siwezi kuwaonyesha hata kumi leo. Ile ya mzee wa punda ipo. Mmoja ni mzeituni wa msituni, ule wengi wetu huuita mutamaiyu, na sasa una kivuli cha kuketi watu wanne.

Basi nendeni mkawaombe radhi. Nendeni wawili au watatu tu, bila fulana za kikundi, na mwenyekiti awepo. Waulizeni wanapita wapi, wanateka saa ngapi, maji yalikuwa yanafika wapi zamani. Wao wako mtoni kila siku ya Mungu, nyinyi mko pale Jumamosi.

Na akina mama wa ploti za juu pia waulizeni. Kila mwezi mnaokota daipa, mnazijaza kwenye magunia, na mwezi unaofuata zimerudi. Mimi nilimuuliza jirani yangu mmoja kwa nini azitupe mtoni badala ya kuzichoma na takataka nyingine. Alinitazama kama mtu asiyejua watoto. Daipa ya mtoto haichomwi, akasema, mtoto atatokwa na vipele. Hiyo imani haitaondoka kwa kuonyeshana magunia. Gari la taka halifiki kwao, shimo la choo la ploti limejaa, na moto wanauogopa kwa ajili ya watoto wao. Kaeni nao mtafute pa kuzifukia mbali na maji, halafu pelekeni jambo la gari la taka kwa mwakilishi wa wadi mkiwa pamoja na wao. Wakiwa ndani ya shauri mtaokota kidogo.

Nije kwenye pesa, kwa sababu hapo ndipo nina deni kwa wenzangu wa zamani.

Pesa zile za shirika zilikaa kwenye laini ya simu ya mtu mmoja. Kila aliyefika kazini alipewa posho ya shilingi 300, na kwa miezi mitatu hatukukosa watu. Zilipoisha, Jumamosi walikuja sita. Kijana mmoja alisimama barabarani na baiskeli yake, akauliza kwa sauti, "Leo kuna kitu?" Tulipomwambia hakuna, akageuza. Simlaumu. Sisi ndio tuliomfundisha kwamba mto ni kibarua. Lakini kulikuwa na baya zaidi. Shilingi 18,000 zilikopwa kwa mdomo na kiongozi wetu mmoja, hazikurudi, na mimi mweka hazina nilijua. Daftari lilikuwa mkononi mwangu. Niliandika "usafiri". Wanachama walinusa, kama watu wanavyonusa, na hakuna aliyesema neno kikaoni. Waliacha kuja tu, mmoja mmoja, hadi tukabaki wawili.

Mweka hazina, kijana wangu, soma daftari kwa sauti kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kabla jembe halijainuliwa. Lisome hata kama salio ni shilingi 240. Fungueni akaunti ya benki yenye waweka sahihi watatu, na mmoja wao asiwe kiongozi. Posho ya kujitolea isiwepo. Chai na mandazi iwepo, na nauli ya anayetoka mbali, kiwango kijulikane na kila mtu. Mkipata pesa za kulipa watu, igeni alivyofanya Profesa Wangari Maathai. Alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, akina mama walipewa kiasi kidogo kwa kila mche uliopona. Hesabu ilifanywa baada ya miche kushika. Jambo hilo limenikaa moyoni kuliko hata tuzo ya Nobel ya mwaka 2004, kwa sababu kama sisi tungelipa hivyo, Januari yetu ingekuwa na watu.

Makaratasi nayapitia haraka. Sajilini kikundi kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii. Sheria ya mwaka 2022 inataka wanachama wasiopungua 10, nanyi mmezidi. Jiungeni na chama cha watumiaji wa maji cha mto huu, maana sheria ya maji inavitambua vyama hivyo na sauti yenu itafika mbali kuliko mkiwa peke yenu. Na mkizungumza na mwenye shamba kuhusu ukingo, mjue kanuni: si chini ya mita 6, si zaidi ya mita 30, kulingana na upana wa mto. Msimwendee na kanuni hiyo kama rungu. Mwenye blugamu, yaani mikaratusi, ukingoni aliipanda asomeshe watoto. Muombeni asichipuze visiki akishavuna, na mwe na miche ya mianzi au ya miti ya kiasili ya kumpa siku hiyo hiyo.

Najua baadhi yenu husema kazi yetu ni bure kwa kuwa msitu uliharibiwa huko juu. Ni kweli msitu wa Mau Mashariki, mto wetu unakotoka, ulimegwa maelfu ya hekta mwaka 2001, nasi tuliona kwa macho mto ambao ulikuwa hautukatikii ukianza kukauka miezi ya kiangazi na kushuka na udongo mwekundu mvua ikinyesha. Ni kweli pia Ziwa Nakuru, mto wetu unakoishia, limefanya mambo yake: lilipofura kuanzia miaka ya 2010 lilimeza lango kuu la mbuga na nyumba za watu, maji yake ya magadi yakazimuliwa, na heroe wengi wakahamia Ziwa Bogoria kufuata chakula chao. Hayo yote ni makubwa kuliko kikundi cha vijana 40. Lakini kila udongo na kila daipa inayopita chini ya daraja letu inaishia ziwani, kwa kuwa ziwa lile halina mto wa kutokea. Kipande chenu ni kama mita 400. Mau ina watu wake wa kuililia. Mita hizo 400, mkiziacha, sioni atakayezishika.

Jumamosi hii saa moja asubuhi nitakuwa pale darajani. Nitakuja na mitungi miwili na jembe, na mjukuu wangu atabeba nyasi za kutandaza. Ile safu ya tatu, upande wa mkuyu, niachieni mimi.

Mzee wenu,
Njoro