Barua ya wazi kwa Kamishna wa Nishati wa Umoja wa Ulaya: kebo ya Kupro haihitaji ruhusa ya jirani

Mheshimiwa Dan Jørgensen, salamu. Naandika kuhusu ile kebo ya umeme ya kutoka Krete, kisiwa cha Ugiriki, mpaka Kupro, Great Sea Interconnector, maana watu wanaiongelea kama ishu ya manowari tu na nyie mliotenga euro milioni 657 mnauma na kupuliza.

Mradi wenyewe una maana. Malta walishaunganishwa na Sicily toka 2015, Kupro ndo wamebaki peke yao ndani ya Umoja wa Ulaya bila kuunganishwa na gridi ya jirani na umeme wao mwingi bado ni wa kuchoma mafuta. Ni kilomita kama 900, kuna sehemu kina kinafika mita 3,000, yaani hata bila ugomvi hiyo kazi si ya kitoto.

Halafu Julai 2024 meli ya Kiitaliano Ievoli Relume inapima tu sakafu ya bahari karibu na kisiwa cha Kasos, waya wenyewe haujashushwa hata futi moja, manowari za Uturuki hizo hapo! Uturuki wana makubaliano yao ya mipaka ya bahari na Libya ya 2019, Ugiriki wana yao na Misri ya 2020, kila mtu na ramani yake, na kazi inapigwa kalenda.

Sasa Mheshimiwa hebu fungua kifungu cha 79 cha mkataba wa sheria ya bahari wa 1982, ambao Umoja wa Ulaya wenyewe ni mwanachama toka 1998. Nchi yoyote ina haki ya kulaza kebo hata kwenye sakafu ya bahari iliyo chini ya mamlaka ya nchi nyingine, na fungu la 3 linalotaka ridhaa ya mwenye eneo kuhusu njia limetaja mabomba tu, kebo haimo. Kwa hiyo hata tuseme Uturuki wako sahihi kwenye mpaka, bado hawana cha kuzuia. Watasema hawajajiunga na mkataba, sawa, ila haki hiyo ilikuwepo hata kwenye ule wa 1958.

Penye upenyo ni upimaji, mkataba haukuutaja waziwazi, lakini utalazaje kebo usikokujua chini kuna nini? Na Ugiriki nao (tusiwapake mafuta) kila wakisema hapo ni petu wanaigeuza kebo kuwa kesi ya mpaka.

Ofisi yako itoe msimamo wa maandishi: nje ya maili 12 za bahari ya nchi, kupima na kulaza kebo ni taarifa, sio ombi. Mfanye hivyo kabla meli nyingine haijatumwa, maana kipande cha kutoka Kupro kwenda Israel nacho kinasubiri.