Wito wa Harambee: Tuwasaidie Wanafunzi Wetu Kumalizia Mashua za Mashindano

Assalamu alaikum wazazi, wahitimu na majirani wa shule yetu hapa Lamu,

Chama cha wanafunzi cha kuunda mashua ndogo kinaomba michango yenu ili kimalizie mashua sita za tanga zinazoongozwa kwa rimoti, ambazo mataruma yake, yaani mbavu za mbao, yamekwisha kusimamishwa katika karakana ya shule. Makasha ya vipande tulipewa na wafadhili wema, na tunawashukuru kwa dhati. Lakini kasha huja na mataruma yaliyokatwa, vibao vyembamba na michoro tu, ilhali resini (gundi ya maji inayokauka ikawa ngumu), kitambaa cha faiba, msasa, rangi, matanga na mitambo ya redio hununuliwa kando. Hapo ndipo kazi ilipokwama.

Mashua hizi ni za daraja la mashindano liitwalo One Metre, lililoanzishwa mwaka 1988, ambalo kanuni zake haziruhusu bodi, yaani mwili wa mashua, kuzidi urefu wa milimita 1,000 wala chombo kizima kupungua gramu 4,000. Tulilichagua kwa sababu linakubali bodi ya mbao na kukataza nyuzi za kaboni katika bodi, hivyo mtoto wa Matondoni aliyekua akimtazama baba yake akipigilia mbao za jahazi huja karakanani na jicho la kazi ambalo hakuna fedha inayoweza kulinunua.

Zaidi ya nusu ya uzito wote hukaa chini, katika mkuku, yaani bapa linaloshuka majini chini ya mashua, na uzani wake wa madini ya risasi, kwa hiyo bodi yenyewe haina budi kuwa nyepesi mno. Mwanafunzi hupiga msasa, hulaza kitambaa, hupaka resini ya kukishika tu, hupima kwa mizani, kisha hupiga msasa tena. Resini ikizidi, bodi huwa nzito. Ikipungua, maji ya chumvi hupenya hadi kwenye mbao. Kazi hii ya subira ndiyo tunayoithamini kuliko mashindano yenyewe, na haiwezi kufanywa kwa vifaa vya kubahatisha.

Kila mashua inahitaji pia rimoti ya chaneli mbili, moja ya usukani na nyingine ya winchi ya matanga, pamoja na kipokezi na betri. Kanuni zinaruhusu seti tatu za mlingoti na matanga. Sisi tunaomba mbili, kubwa ya siku tulivu na ndogo ya siku ambazo kusi huvuma kwa nguvu.

Lengo letu ni shilingi 240,000. Resini na faiba zitanunuliwa kwanza, kwa kuwa mbao ikiachwa wazi katika unyevu wa pwani hujipinda. Fundi anayeweza kutupa asubuhi zake za Jumamosi atakuwa amechanga sawa na mwenye fedha.

Michango inapokewa na mhasibu wa shule kwa risiti, na hesabu yote itabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Harambee yenyewe itafanyika siku ya mkutano wa wazazi, baada ya sala ya alasiri, ambapo bodi zote sita zitawekwa mezani ili kila mchangiaji azikague na kuwauliza wanafunzi maswali.