Mhudumu wa Marblehead

Mombasa, 9 Februari

Ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila mgongo. Tumefunga gati tangu juzi, kontena hazijaisha kushushwa, basi nimepata nafasi ya kukuandikia.

Unamkumbuka serahangi wa meli yetu ya kwanza, yule msimamizi wa mabaharia, aliyesema sisi wa jikoni si mabaharia, ni wapika chai tuliodandia chombo? Juzi nimesoma habari za mtu aitwaye Robert Blake, nikakukumbuka. Alikuwa mtumwa shambani South Carolina. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1862, wanajeshi wa Kaskazini, upande wa serikali, wakalichoma lile shamba, watumwa wakaondoka nao, naye akajiandikisha baharini. Watu kama yeye walianzia cheo cha chini kabisa, cha "mtoto", kwa dola 10 kwa mwezi na chakula. Akawa mhudumu wa nahodha kwenye meli ya mizinga Marblehead. Yaani sisi hasa!

Sasa sikia. Asubuhi ya Krismasi 1863 meli iko mto Stono, mara mizinga ya waasi wa Kusini kutoka Kisiwa cha Johns ikaanza kuivurumishia makombora. Wanasimulia kwamba nahodha Meade alitoka mbio na nguo za kulalia, Blake nyuma yake na sare mkononi, anamsihi avae. Hapo nilicheka peke yangu. Kombora likapasuka, likamwangusha Blake na kumuua kijana aliyepeleka baruti mzingani. Mhudumu angeshuka zake chini, nani angemuuliza? Yeye akainuka, akashika sanduku la baruti, akawa anakwenda na kurudi nalo mpaka adui akakimbia na kuacha mzinga. Baruti, Salim! Wewe na mimi sufuria la uji tu, meli ikiyumba, tulikuwa tunalimwaga.

Aprili 1864 akatunukiwa Nishani ya Heshima, ile kubwa kuliko zote za ushujaa jeshini Marekani, na hakuna mtu mweusi aliyeipokea kabla yake. William Carney, mweusi mwenzake wa jeshi la nchi kavu, alipigana Julai 1863, miezi mitano kabla ya Blake, lakini yake aliingoja hadi 1900.

Ila kuna neno limenikaa. Wenzake wa meli ile waliotunukiwa wameandikwa kwa vyeo vyao. William Farley, kwa mfano, ni msaidizi wa serahangi. Penye cheo cha Blake pameandikwa "mali iliyotekwa". Neno hilo lilitokana na Jenerali Butler wa Kaskazini, mwaka 1861: alikataa kuwarudisha watumwa waliotoroka kwa hoja kwamba ni mali ya adui. Ujanja ule uliwaokoa wengi, sikatai. Lakini mtu ana nishani kifuani na bado anahesabiwa pamoja na magunia?

Nilimsimulia serahangi wetu wa sasa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama maharage yameiva.

Nisalimie shemeji na watoto.

Wako,
Bakari