Roboti inayosimama mbele ya uwanja mtupu

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wanafunzi wako. Kama roboti inasimama penye uwazi na kuanza kurudi nyuma, msifungue waya hata mmoja kwanza. Tazameni programu inafanya nini ikipata sifuri kutoka kwa sensa.

Sensa ya HC-SR04, inayopima umbali kwa sauti, hutoa mlio wa kHz 40, kisha pini yake ya Echo hubaki juu (yaani na umeme) kwa muda ambao sauti imetumia kwenda na kurudi. Gawanyeni mikrosekunde hizo kwa 58, mnapata sentimita. Mwangwi usiporudi, pulseIn, amri ya Arduino inayopima muda huo, inaweza kuwapa 0. Programu inauliza kama umbali uko chini ya sentimita 25, na sifuri iko chini ya 25, basi roboti inafunga breki! Badilisheni kila 0 iwe 400, yaani hakuna kizuizi karibu. Andikeni pia pulseIn(echo, HIGH, 25000), maana bila kikomo hicho cha mikrosekunde 25000 amri hiyo husubiri hadi sekunde nzima, na muda wote huo magurudumu yanazunguka, roboti ikiwa kipofu.

Ila waya wa Echo ukichomoka nao unaweza kuleta 0. Kwa hiyo roboti ikiwashwa, mota zisianze mpaka sensa isome kiganja kilichowekwa sentimita 20 mbele yake. Msiliruke hili.

Pimeni mara 3, mkipisha milisekunde 60 ili mwangwi wa zamani uishe, mchukue namba ya kati, si wastani. Mkipata 30, 31 na 400, wastani unazidi 150 na ukuta utagongwa. Ya kati ni 31. Roboti isimame kwenye sentimita 25, isiendelee mbele mpaka ipate 35, la sivyo itatetemeka mpakani.

Kama sensa imepanda juu ya servo (mota ndogo ya kuigeuza huku na huku), kumbukeni kwamba kwenye Arduino Uno maktaba ya Servo huzima PWM (mipigo ya umeme inayodhibiti kasi ya mota) ya pini 9 na 10. Waya za kasi ya mota zihamie 5 na 6. Mota ziwe na betri zake, lakini pande hasi zote ziunganishwe.

Kuna vitu ambavyo programu haitaviona: pazia hunyonya sauti, na ukuta wa mshazari huitupa pembeni. Hapo fungeni swichi mbili za kugusa kwenye bampa, kushoto na kulia, na zikibonyezwa zisimamishe mota bila kuuliza sensa.

Niandikie namba mnazosoma mbele ya ukuta wa mshazari.

Wako akupendaye,
Rafiki yako