Bei ya manowari kuukuu haiko kwenye mizani ya skrepa

Mhariri,

Manowari kuukuu ikitajwa hapa Likoni, mazungumzo hayakawii kufika kwenye bei ya skrepa. Wako wanaosema ivutwe ufukweni maji yakijaa, yakipwa vijana waingie na gesi wakate, mtaa upate riziki. Mimi nimekata chuma cha meli miaka mingi, na hesabu hiyo naiona imeanzia mwisho.

Mwaka 2013 Marekani iliikabidhi Forrestal, meli ya kubeba ndege yenye zaidi ya tani 50,000, kwa mkataba wa senti moja ya dola. Wale si wajinga wa biashara. Mkataji alichukua chuma chote, lakini gharama ya kuivuta hadi Texas na kuivunja kwa kufuata sheria ilikuwa juu yake.

Manowari haivunjwi kama meli ya mizigo. Vyumba vimebanana, nyaya zimepita kila ukuta, mabomba ya mvuke ya zile za zamani yamevikwa asbesto, zile nyuzi za madini zinazoharibu mapafu, na rangi yenye risasi, ile metali ya sumu, si ya bunduki, imepakwa tabaka juu ya tabaka. Ukiichoma rangi hiyo kwa gesi, risasi hupanda na moshi hadi kifuani mwa fundi. Watu wa Owino Uhuru, mtaa wa hapa Mombasa, wanaijua risasi. Ya kwao ilitoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3.

Brazil nayo iliuza São Paulo, manowari yake kuukuu ya kubeba ndege, kwa wakataji wa Uturuki. Meli iking'oa nanga Agosti 2022, Uturuki ikaikataa njiani kwa hofu ya asbesto. Februari 2023 Brazil ikaizamisha Atlantiki, chuma na sumu pamoja. Hasara gani kubwa kuliko hiyo?

Mkataba wa Hong Kong wa kuvunja meli ulianza kutumika Juni 2025, ila manowari hazimo. Basi masharti tujiwekee wenyewe. Kazi ifanyike ndani ya gudi, lile bwawa la meli linalokaushwa maji, si mchangani. Matangi yapimwe gesi kila asubuhi kabla ya moto kuwashwa. Gadani, Pakistan, mwaka 2016, tangi la mafuta la meli iliyokuwa ikivunjwa lililipuka na wafanyakazi zaidi ya 20 wakafa. Asbesto iondolewe ikiwa imeloweshwa, na mahali pa kuizika pajulikane mapema.

Faida ipo, tena nzuri: rafadha za kusukumia meli, za shaba nyeusi, pampu, vali, na shaba ya nyaya. Lakini nyaya zichunwe, zisichomwe. Mnunuzi yeyote wa skrepa anajua shaba iliyoungua hushuka bei, na bado wapo wanaochoma usiku!

Ombi langu kwa serikali: siku ikitangaza zabuni ya namna hii, orodha ya sumu zilizomo melini itoke kabla ya bei kutajwa, kwa Kiswahili, na kila fundi atakayeshika gesi apewe nakala.

Fundi mstaafu wa meli,
Likoni, Mombasa